Tuta la Mchanga si Kiwanja Kitupu

Jumapili iliyopita nilikwenda ufukweni kusini ya Pangani nikakuta tingatinga limekwisha kusawazisha tuta la mchanga lililokuwa likinifika kifuani. Majani yatambaayo, yale yenye maua ya zambarau, yalikuwa yamefukiwa, mizizi yake mirefu kama kamba za dema imebaki juu ikikauka. Fundi aliyekuwa akipigilia vigingi vya hoteli itakayojengwa hapo aliniambia kwa upole kwamba pale hapakuwa na kitu, ni mchanga tu. Kauli hiyo imeninyima usingizi.

Tuta lile ni akiba ya ufuo. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na maji ya bamvua yanapopanda, mawimbi hukwangua mchanga wa tuta na kuutandaza majini, na mawimbi yanayofuata huvunjikia huko huko kabla ya kuifikia ardhi; bahari ikitulia, mchanga hurejea taratibu, upepo huupeperusha juu, na majani yale huunasa mpaka tuta likainuka tena. Ukilisawazisha na kusimamisha ukuta mahali pake, wimbi hugonga zege, hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga chini ya msingi. Jirani akiona ufuo wake unaliwa, naye hujenga ukuta, na hivyo hivyo mpaka ufuo wote umekwisha.

Nakubali kwamba hoteli huwapa vijana wetu kazi. Lakini mgeni hafungi safari kuja kutazama ukuta.

Sisi wa Pangani ushahidi tunao mbele ya macho. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na mivinje, na kasa wengi walitaga huko; ukataji wa miti ni miongoni mwa sababu zilizokimaliza, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado hupanda pale, na watu huyahamishia mayai yao Ushongo ili yasizame. Tukiimaliza na pwani ya huku bara, tutayahamishia wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Nilihesabu hatua zangu kutoka alama ya maji makuu hadi kigingi cha kwanza: zilikuwa ishirini na mbili. Nawaomba wenye mamlaka wafike na kamba ya kupimia kabla zege halijamwagwa.