Wati 15,000 za Mkono Mmoja

Naomba kuuliza, kwa adabu zote nilizofunzwa na wazazi wangu, ni nani aliyeziidhinisha wati 15,000. Siulizi kwa ugomvi. Mimi ni mtu mzima, ninalipa pango kila inapowezekana, ninawasalimia majirani hata wale wanaomwaga maji ya vyombo mbele ya mlango wangu, na nimejifunza kuvumilia mambo mengi ambayo sina haja ya kuyataja kwa kuwa nanyi mnayavumilia. Lakini boksi la sabufa lililoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ndani yake mna wati 15,000, nalo limebebwa kwa mkono mmoja na kijana mwembamba ambaye mkono wake wa pili umeshika muhogo wa kuchoma, hilo limenishinda.

Ilikuwa jana, Kariakoo, katika duka ambalo sitalitaja kwa sababu bado nina mpango wa kupita mtaa ule.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hii bei gani?"

"Hii, mzee, ni wati elfu kumi na tano."

Niliuliza bei nikajibiwa wati. Nikanyamaza kidogo ili hekima itangulie, kisha nikamuuliza kwa upole ni wati za namna gani hizo. Kijana alinitazama kwa huruma ambayo watu wa umri wake huwawekea watu wa umri wangu, akaniambia kuwa ni wati za muziki. Nikamwomba aigeuze. Hakuelewa. Nikamwomba tena aigeuze, nione mgongo wake, maana mbele ya redio huandikwa na watu wa biashara lakini nyuma huandikwa na watu wa umeme, na hawa wa nyuma huogopa moto. Kwenye kibati kidogo, kwa maandishi yaliyonilazimu kuvua miwani, kuifuta na kuivaa upya, palikuwa na maelezo matatu tu: volti 230, hezi 50, wati 60.

Sitini.

Nilimwonyesha kijana kwa kidole. Nikamweleza kwamba, kwa mujibu wa mashine aliyoibeba, wati 60 zinaingia nyuma na wati 15,000 zinatoka mbele, yaani kila wati moja inazaa 250 humo ndani gizani. Nikamshauri aifikishe mara moja kwa wanaotugawia umeme, kwa kuwa hatuna tena haja ya kusubiri mvua zijaze bwawa la umeme la Rufiji: tutapanga sabufa zake kwenye foleni, tutazilisha wati 60, tutachota 15,000, na habari ya mgawo tutawasimulia wajukuu. Ndugu yule akatafuna muhogo wake taratibu, akasema, "Mzee, hii ni mashine ya kisasa."

Hapo akasogea mama mmoja aliyekuwa akichagua birika la umeme. Aliuliza swali moja tu, nalo lilitosha kufunga shule zote za biashara mjini. Alisema birika lake limeandikwa wati 2,000, na anajua jinsi linavyotafuna uniti za LUKU akichemsha chai ya watu wanne. Je, redio hii inayokula mara saba na nusu ya birika, nani ataiwasha? Nilitamani kumpigia magoti. Birika halina ujanja, kwa sababu maji ni shahidi: ama yanachemka, ama hayachemki. Pasi nayo ina nguo ya kuitolea ushahidi. Redio peke yake ndiyo imeachiwa ijipimie, ijiandikie na ijisifu.

Kijana alipoona mambo yamekuwa mazito aliita fundi wa duka, mtu wa makamo mwenye bisibisi juu ya sikio, ambaye nilimheshimu papo hapo kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na makovu ya risasi ya kuchomelea. Fundi alikuwa mkweli, lakini alikuwa mkweli kwa sauti ya chini ili mwenye duka asisikie. Alinieleza kwamba zile za mbele ni wati za PMPO, ambazo hukusudiwa kuwa za kilele, za nukta ya sekunde, pale kapasita zinapomwaga kwa pamoja kila kilichohifadhiwa kabla hazijakauka. Kwamba spika zote hujumlishwa, kubwa kwa ndogo. Na kwamba hakuna kanuni moja ya kupigia hesabu hiyo, hivyo kila kiwanda huzidisha kwa namba inayokipendeza. Wati za kweli, zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo bila kuungua, huandikwa RMS. Nilipomuuliza hizo za RMS ziko wapi kwenye boksi, alilizungusha boksi pande zote sita kisha akasema pengine ziko kwenye kitabu. Kitabu kilikuwa cha Kichina.

Marekani waliuchoka mchezo huu mapema. Mwaka 1974 tume yao inayosimamia haki katika biashara ilitoa kanuni kwamba atakayetangaza nguvu za amplifaya ya nyumbani, ile mashine inayokuza sauti, aeleze nguvu za mfululizo, na aseme amepimia mzigo wa omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), katika masafa yapi ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, na kwa uchafu kiasi gani wa sauti. Sisi huku tumebaki na herufi nyekundu.

Nilimwomba fundi kalamu. Soketi ya nyumbani kwangu ina plagi ya ampea 13, na ampea 13 zikizidishwa kwa volti 230 ni wati 2,990, basi. Ukidai zaidi, fyuzi inakata. Ili sabufa ile ipate wati zake 15,000 ingehitaji zaidi ya ampea 65, kupitia waya mwembamba ambao mimi binafsi nisingethubutu kuuchajia simu. Nikaendelea, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kukusanyika na mama wa birika alikuwa ananishikia karatasi: Bwawa la Julius Nyerere, pamoja na ukubwa wake wote na mitambo yake tisa, lina uwezo wa megawati 2,115. Ukizigawa kwa wati 15,000, unapata sabufa 141,000. Kwa jinsi watu wa Mbagala wanavyopenda besi, umeme wa taifa usingevuka Temeke.

Ndipo akatokea mwenye duka. Hakuwa na muda wa hesabu. Aliuliza swali ambalo wenye maduka wote huuliza, kwamba ninanunua au ninafanya ukaguzi, halafu bila kungoja jibu akaichomeka sabufa, akachomeka flashi, akazungusha sauti mpaka mwisho. Ilikuwa singeli. Vioo vya saa dukani vilitetemeka, mtoto aliyebebwa mgongoni mtaa wa pili akaanza kulia, na mwimbaji, ambaye nina hakika studio aliingia akiwa mzima, alitoka akiwa vipande. Hiyo ndiyo siri nyingine ambayo boksi halisemi: hata wati chache za kweli za mashine hizi nyingi hupimwa pale uchafu wa sauti umeshafika asilimia kumi, yaani redio imeanza kuongeza maneno yake ambayo hayakuimbwa na mtu yeyote. Mwenye duka akapaza sauti juu ya ghasia ile, "Unazisikia wati hizo, mzee?"

Kabla sijajibu, umeme ukakatika. Mtaa mzima kimya. Watu wakaguna kwa pamoja kama ilivyo desturi, na yule bwana, bila kupepesa jicho, akanyoosha mikono yote miwili kwa umati uliokuwapo akasema:

"Mnaona wenyewe! Imezidi nguvu mtaa!"

Wanunuzi wawili walipanga bei gizani. Nilisimama pale na karatasi yangu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wati zenyewe hatuzihitaji. Spika ya kawaida ya sebuleni ikipewa wati moja tu hutoa sauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hadi 90 kwa mtu aliyekaa umbali wa mita moja, na hiyo ni sauti ambayo ukipigiwa hodi huisikii. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, unaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huigundua kwa shida. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, sharti wati ziongezeke karibu mara kumi. Kwa hiyo taarabu ya Ijumaa jioni, kwa sauti ya heshima inayomwacha mtu azungumze na mkewe, hutumia wati pungufu ya moja na chenji inabaki. Ukitaka kujua spika ipi inatoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, uliza inatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Mimi niliuliza. Kijana alinijibu kwamba desibeli zimeisha, mzigo mpya unaingia wiki ijayo.

Habari ya masafa nayo tusiianze, lakini kwa kuwa nimeianza, kila boksi limeandikwa hezi 20 hadi 20,000, yaani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17, refu kuliko nyumba yangu pamoja na banda la kuku, na tunaambiwa linatoka katika kijispika kinachoenea kwenye kiganja. Gitaa la besi la kawaida, lile lililobeba muziki wetu wote wa dansi, uzi wake mnene kabisa unaanzia kwenye hezi 41 hivi. Hizo 20 zilizobaki chini sijui aliwekewa nani. Na zile 20,000 za juu, katika umri huu, nimewaachia popo na wajukuu.

Niliwahi kufungua spika ya "njia tatu" nikakuta njia moja. Wufa, ile spika ya besi, ilikuwa na waya. Twita, ile ya sauti nyembamba, na ile ya katikati zilikuwa za mapambo, zimegundishwa kwa gundi, mgongoni hazina hata sumaku. Nyingine zina twita ya kweli, ila krosova, kile kifaa kinachopaswa kugawa besi iende kubwa na sauti nyembamba iende ndogo, ni kapasita moja ya ukubwa wa punje ya harage iliyoning'inia kwenye waya, inafanya kazi ya idara nzima.

Ekolaiza ina vitufe vya roki, jazi, popu na klasiki. Hakuna cha taarabu, hakuna cha dansi, hakuna cha kaswida, na hakuna cha mtangazaji wa mpira.

Kuna waya unaouzwa wa kupitisha sauti kwa mwanga. Mwanga mtupu, hakuna umeme unaopita humo. Ncha zake zimepakwa dhahabu, na bei imepanda kwa sababu ya dhahabu.

Zamani mtu aliweza kujitetea kwa kunyanyua. Amplifaya nzito ilikuwa na transfoma kubwa, na transfoma kubwa ilikuwa na shaba ya kutosha, hivyo mzee akiinyanyua na kiuno kikalia alijua hajaibiwa. Hata hilo tumenyang'anywa, kwa sababu amplifaya za daraja D (herufi hapa ni jina la namna ya kukuza sauti, si alama ya mtihani) zina uzito wa mkate na bado zinafanya kazi kweli, zinapoteza sehemu ndogo tu ya umeme kwa joto, wakati zile za daraja A, ghali kupita zote, zinaupoteza mwingi kuliko zinaoupeleka kwenye spika na zinaweza kupasha moto sebule nzima. Mwanangu akileta D nyumbani hali chakula cha usiku kwa raha. Redio ikileta D, inasifiwa.

Mnaweza kuniuliza, basi mzee, kilichokupeleka Kariakoo ni nini, wakati una mashine yako nzuri ya zamani? Ni omu. Spika zangu ni za omu 8, imeandikwa nyuma, na wala si siri. Jirani alinishauri kwa nia njema niongeze spika mbili nyingine sambamba kwenye tundu zilezile ili sherehe ichangamke, nikamkatalia, kwa kuwa omu 8 mbili sambamba ni omu 4, na amplifaya yangu imeandikwa isipewe mzigo wa chini ya 6. Angeichemsha mpaka inuke. Hilo lilipita salama. Lakini wiki iliyopita upande mmoja ulianza kukwaruza, nikamwita fundi wa mtaani, akaja na mita yake, akagusisha ncha mbili nyuma ya spika, akasikitika.

"Mzee, spika hii ni ya omu nane, sasa imebaki na sita. Omu zimepungua."

Nilimweleza, nikiwa nimekaa wima kabisa, kwamba mita ile hupima waya wa koili kwa umeme wa betri, ilhali hizo 8 ni ukinzani wa spika ikiwa inapiga muziki, nao hupanda na kushuka kufuatana na masafa, hivyo spika nzima ya omu 8 kwa kawaida husoma sita na ushee na haijapoteza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anaweza kunirudishia zile omu mbili kwa shilingi elfu ishirini, au elfu kumi na tano nikichukua zilizotumika. Mama watoto, aliyekuwa jikoni na alikuwa amesikia neno "kupungua" tu, akamwambia aichukue tu spika hiyo akaijaze.

Kwa hiyo tangu Jumanne mwimbaji anatokea kushoto peke yake, na gitaa la solo, ambalo watu wa studio walilipeleka upande wa kulia, liko Tandika kwa fundi, simu haipokelewi.