Dansi ya wawili darasani na mizani ya mitihani

Tangu 1994 shule za New York zimekuwa zikipokea walimu wa Dancing Classrooms, mpango ulioanzishwa na mcheza dansi Pierre Dulaine na mwenzake Yvonne Marceau, ambao huwafundisha hasa wanafunzi wa darasa la tano dansi za wawili wawili kama foksitroti, walsi, tango, rumba, merenge na swingi, kwa masomo 20 yanayochukua wiki 10.

Wanaoupinga si watu wa kubezwa. Wanauliza kwa nini mtoto ambaye bado anasoma kwa kusitasita aondolewe kwenye kitabu akajifunze kumzungusha mwenzake, na swali hilo lilipata nguvu baada ya 2002, sheria ya elimu ya Marekani ilipoanza kuzibana shule kwa alama za kusoma na hisabati. Wengine wanakerwa na desturi ya mvulana kuongoza na msichana kufuata. Na wapo wazazi ambao dini yao hairuhusu wavulana na wasichana kushikana, kama ilivyodhihirika Jaffa, Israeli, mji aliozaliwa Dulaine, aliporudi kuwafundisha watoto wa Kiyahudi na wa Kipalestina pamoja. Pingamizi hili la mwisho ndilo zito kuliko yote; mzazi akikataa kwa imani yake, akubaliwe bila kusimangwa.

Watetezi nao wamejiponza kwa kuahidi kwamba sanaa itapandisha alama za mitihani. Mwaka 2000 watafiti Ellen Winner na Lois Hetland, baada ya kupitia tafiti za miongo mingi, hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kujifunza dansi humfanya mtoto asome vizuri zaidi. Ukikubali kupimwa kwa mizani hiyo, umeshashindwa kabla muziki haujaanza. Tena sioni sababu ya kuikubali, kwani hakuna anayedai hisabati ijitetee kwa kumfanya mtoto aimbe vizuri.

Thamani ya masomo haya iko mahali pengine. Darasa zima hushiriki, hakuna mchujo wa wenye vipaji, na wenza hubadilishwa kila baada ya muda mfupi. Mtoto wa miaka 10 huona haya kumgusa mwenzake, na si ajabu amkute mwingine amevuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole. Hata hivyo walsi haichezeki hivyo: mkono mmoja sharti ushike wa mwenzako, mwingine utulie mgongoni mwake karibu na bega, na ukitazama chini utamkanyaga. Mwalimu akisema wabadilishane, aliyekuwa akitengwa kwa unene wake, au mgeni ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, anapata mwenza kama kila mtu, kisha mwingine, na mwingine tena. Sijui somo jingine la ratiba linalomlazimisha mtoto kumjali mwenzake kwa mwili mzima namna hiyo.

Dai kwamba hizi ni dansi za mabwana wa Ulaya nalo ni la nusu. Rumba ina mizizi yake Cuba, merenge Jamhuri ya Dominika, swingi Harlem, mtaa wa New York, na kote huko mkono wa watu wenye asili ya Afrika ni dhahiri. Msomaji aliyekulia na muziki wa dansi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kinachonisumbua ni takwimu ya 2014. Scott Stringer, aliyekuwa mkaguzi wa fedha wa jiji, alionyesha kwamba asilimia 28 ya shule za umma za New York hazikuwa na mwalimu wa sanaa mwenye cheti aliyeajiriwa kwa muda wote, na kwamba kati ya shule zilizokosa hata yule wa saa chache tu, zaidi ya asilimia 42 zilikuwa South Bronx na katikati ya Brooklyn, maeneo yenye umaskini mwingi. Mzazi mwenye nacho humlipia mwanawe masomo ya dansi au piano baada ya saa za shule, kwa hiyo sanaa ikifutwa kwenye ratiba kwa jina la kusoma na hisabati, anayeikosa kabisa ni mtoto wa maskini, yule yule anayedaiwa kusaidiwa.

Hapa ndipo ningependa wapinzani wauelekeze ukali wao. Masomo 20 ya mwalimu mgeni ni nafuu kuliko mshahara wa mwalimu wa kudumu, na ni rahisi shule kuyaonyesha kama ushahidi kwamba inafundisha sanaa. Mwalimu mkuu anayejivunia mpango huo aulizwe: wiki ya 11, watoto wake wanafundishwa sanaa na nani?