Hadi Diski Imekufa

Fundi wa kwanza aliponiambia, "Mzee, hadi diski imekufa," nilitafuta pa kukaa. Nikamuuliza kwa sauti ya msiba, "Na vingine vilivyokufa ni vipi?" Akanishangaa. "Vingine vipi?" Nikamwambia si umesema hadi diski, maana yake vimekufa vingi mpaka diski nayo ikafuata. Kijana alicheka bisibisi ikamponyoka. Kumbe ndiyo jina la chombo chenyewe, kile kinachotunza mafaili. Miaka tisa nina kompyuta na sikujua kuwa ndani yake mna kitu kinaitwa hadi.

Mimi ni mkazi wa Mwanga, hapa Kigoma. Mtaa unaitwa Mwanga, na Jumamosi saa moja usiku ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria ya mama ntilie. Nina kasteshenari: natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti. Sasa katika ukoo wetu ukiwa na gari wewe ni dereva wa bwana harusi, ukiwa na sauti nzito wewe ni MC, na ukiwa na kompyuta wewe ni mhazini. Hakuna aliyeniuliza. Mpwa wangu alipotangaza kuoa, nikaona tu jina langu kwenye kamati.

Basi nikatengeneza orodha ya Excel, watu 64. Safu ya ahadi, safu ya taslimu, safu ya baki. Jina la kwanza juu kabisa ni langu, kwa sababu mhazini lazima aonyeshe njia: ahadi 100,000. Kwenye taslimu nilikuwa nimeweka kistari. Nilisema nitatoa mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe sikuutaja.

Jumamosi hiyo nilikuwa naingiza elfu thelathini ya shangazi wa Ujiji. Nimemaliza sifuri ya mwisho, nimebofya kuhifadhi, pu! Giza. Feni ya kompyuta ikashusha pumzi kama bibi anayekaa mkekani. Nikatoka nje. Hakukuwa na mbalamwezi, na kule ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa utadhani ndiko mjini. Sisi wenye nguzo na nyaya tumesimama barazani tunawatazama wenye mitumbwi wakiwaka.

Baada ya dakika nne umeme ukarudi. Watoto wa mtaa mzima wakapiga "Eeeee!" na kabla hiyo "eee" haijaisha, ukakatika. Ukarudi tena, safari hii balbu ikang'aa kama fundi anachomelea geti, ukakatika. Mara ya tatu ukatulia. Kosa langu nalikiri: mbio zangu zote zilikuwa za kuchomoa friji, maana mlikuwa na migebuka miwili. Kompyuta niliiacha kwenye soketi ipokee makofi yote matatu. Na msiniulize habari za UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ninayo. Betri yake ilishakata roho zamani, siku hizi naiwekea kikombe cha chai.

Nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, Kiingereza kitupu: inakagua na kurekebisha diski C, asilimia 11. Vizuri. Nikasubiri. Asilimia 11. Mke wangu akabandika maharage, yale magumu ya gunia. Asilimia 11. Maharage yakaiva, yakaungwa kwa mawese, tukala, vyombo vikaoshwa. Asilimia 11. Mwanangu wa kidato cha pili akasema, "Baba, usizime, hapo inajitibu." Nikamwambia mgonjwa anayejitibu angalau hugeuka kitandani.

Hapo ndipo nikaipiga. Kofi moja tu, la ubavuni, la kiungwana, kama tulivyokuwa tukizipiga televisheni za zamani na zikaelewa. Picha ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaja sentensi mpya: kuna kosa la kusoma diski, bonyeza Ctrl+Alt+Del uanze upya. Nikabonyeza. Ikaanza upya kuniambia kuna kosa la kusoma diski, bonyeza Ctrl+Alt+Del. Mtu wa dirishani anayekwambia njoo kesho ana nafuu, yeye kesho hubadilisha sababu.

Na hapa nina kinyongo. Meli ya Liemba, hii hii ya hapa kwetu, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, injini wakiwa wameipaka grisi. Ikakaa chini ya ziwa. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Miaka minane majini! Mashine yangu mimi imekaa gizani dakika nne, kwenye meza kavu, na kitambaa cha kufuma juu yake.

Asubuhi wakajaa wataalamu. Jirani muuza dagaa akaweka sikio kwenye kasha, akafumba macho. "Sikilizeni. Tik... tik... tik." Tukasikiliza. Kweli, tik, tik, tik. Shemeji naye akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno ya kuiambia familia. Fundi wa kwanza akasikia ile tik, akatoa lile neno lake la hadi, kisha dawa: "Tupige windo," yaani kuweka Windows upya. Yeye kila ugonjwa ni kupiga windo. Printa haitoi wino, piga windo. Nikauliza, ukipiga windo orodha yangu itabaki? Akasema, "Inategemea." Nikamshukuru, nikamlipa soda, akaondoka na flashi yake.

Wa pili alikuwa kijana mpole, anakaa kwenye kibanda karibu na soko. Alinisalimia shikamoo kwanza, nikampenda. Akasikiliza tik, akatazama juu, akapanda kigoda, akatoa betri kwenye saa ya ukutani. Kimya. Jirani akasema anawahi dagaa wake, wasije wakanyeshewa. Jua lilikuwa linapasua mawe.

Kijana akafungua kasha, akamulika kwa simu. Vumbi humo la kupanda mchicha. Akanionyesha waya mwekundu bapa, kichwa chake kimening'inia nusu ndani nusu nje kwenye diski. "Mzee, nani ameipiga?"

"Umeme," nikasema.

Akanitazama kidogo, kisha kwa adabu akaanza kunieleza habari za watu wengine wanaopiga kompyuta. Kwamba ndani ya diski kama hii mna sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kuigusa, nafasi iliyopo hata chembe ya moshi haipiti. Umeme ukikatika, kichwa hukimbilia maegesho yake kwa nguvu ya ule mzunguko uliobaki. Kimejifunza kukimbia umeme, lakini kofi halina dalili. Nikaitikia, nikasema watu hao wana roho mbaya.

Akakandamiza waya. Nikadhani basi, awashe. Hapana. Akaichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kunakili kila kitu pembeni. "Unanakili kwanza, ndipo unatibu. Ule ukaguzi wa jana hurekebisha mpangilio wa mafaili, na diski ikiwa na ubovu, kuilazimisha ijirekebishe ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo." Ikanakili mpaka magharibi. Kisha akairudisha, akaiacha ikague. Asilimia 11, nikashika ukingo wa meza. Asilimia 12! Nusura nipige vigelegele.

Ikawaka. Vitu vyote vimo, nawaambia vyote. Barua za kazi za watu walioshastaafu. Picha za pasipoti za mtoto ambaye sasa ana ndevu. Mtihani wa jiografia wa mwaka ule. Tangazo la mbuzi aliyepotea, na mbuzi alishapatikana akaliwa. Likabaki faili moja: MICHANGO HARUSI. Jina lipo, tarehe ipo, ukubwa KB 0, yaani ndani tupu.

Kijana akasema lile ndilo lililokuwa linaandikwa umeme ulipoondoka. Akajaribu kulitafuta kwa namna tatu, halikutokea. Nikamwuliza, mafaili yote hayo, kwa nini hili? Akasema, "Kwa sababu ndilo ulilokuwa unalihitaji, mzee." Hiyo sidhani kama wanafundishwa chuoni.

Habari za KB 0 zilifika Gungu kabla sijafunga duka. Hapo nikashuhudia muujiza: ukoo mzima ulikuwa umeshachanga. Mwenyekiti wa kamati, ambaye wiki tatu hapokei simu yangu, akanipigia mwenyewe: "Mhazini, ile laki mbili yangu niliyokupa mkononi usiisahau." Shemeji alinipa mkononi. Jirani wa dagaa, ambaye hata kadi hana, alinipa mkononi, tena noti mpya. Wenye ujumbe wa muamala kwenye simu ni kumi na saba, shangazi wa Ujiji akiwemo, Mungu amweke. Waliobaki wote, mkononi. Nikajumlisha madai: 4,360,000. Nikafungua kopo: 1,145,000 na kitufe cha shati.

Kijana wa kibandani alipokuja kuchukua ujira wake, akasimama mlangoni anajikuna kisogo. "Mzee, basi ukate ile elfu kumi niliyochangia."

Usiku nikatoa daftari la kaunta, kalamu ya wino na rula. Nikapiga mistari: ahadi, taslimu, baki. Jina la kwanza, langu. Ahadi, 100,000. Nikafika kwenye taslimu, kalamu ikasimama. Nikatazama mlango. Mke wangu alikuwa amelala.

100,000. Nilimpa mhazini mkononi.