Baba Mkwe, Malkia na Kengele ya Wezi

Nyumba tuliyonunua kaskazini mwa Dallas ilikuja na kengele ya wezi ya kizamani, imebanwa ukutani karibu na mlango, ina kibao cha namba na taa mbili, nyekundu na kijani. Aliyetuuzia aliisifu utadhani anaagana na mtoto. Hakusema kwamba kengele nayo ina kibali chake, cha kulipiwa mjini. Sheria ya Texas inauruhusu mji kutoza nyumba ya kuishi mpaka dola 50 kwa mwaka. Nililipa huku nanung'unika: natoa hela ili nyumba yangu mwenyewe iruhusiwe kupiga kelele.

Polisi siwalaumu. Marekani, katika kila kengele 100 za wezi zinazowafikia, zaidi ya 90 ni za uongo. Salt Lake City walichoka mapema. Tangu mwaka 2000 kule kengele tupu haimtoi askari kituoni, mpaka apatikane mtu wa kuthibitisha kwa macho kwamba kuna jambo. Texas wao wanakubana mfukoni. Za uongo tatu ndani ya miezi 12 zinasamehewa, sheria ya jimbo ndivyo inavyotaka. Kuanzia ya nne mji unaweza kukutoza mpaka dola 50, ukiendelea 75, ukiwa sugu 100. Kwetu Tanga ukipiga ukunga usiku, majirani wakatoka na marungu wakakuta ulichokiona ni popo, hulipi hata senti. Utatukanwa mpaka kukuche, basi, na siku mwizi akija kweli mtamalizana wenyewe.

Kengele yetu ya kwanza ya uongo ililetwa na sherehe ya binti yetu Latifa. Maputo yale ya kung'aa yaliachwa sebuleni, sisi tukatoka. Kiyoyozi kikawaka, maputo yakaanza kutembea, na kihisi cha pale pembeni kikaona watu wanapita. Ya pili ni upepo wa masika na mlango wa nyuma ambao haukushika vizuri. Ya tatu ni baba mkwe.

Mzee alikuja kututembelea kutoka Tanga. Amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu, na jambo lolote lisilo na tarehe halihesabu kuwa limetokea. Simu ikimwambia alfajiri imeingia, haiamini. Anataka aione kwa macho. Basi siku hiyo akafungua mlango wa uani gizani, akatazama mbingu. King'ora kikapasua mtaa mzima. Nilimkuta kasimama palepale, mikono nyuma, ananiambia kwa upole, "Baba Latifa, nadhani kuna kitu kimeharibika ndani."

Tukamfundisha namba ya siri. Ilikuwa 1961. Mtanganyika gani ataisahau?

Siku ya mkasa wenyewe alitoka kunyoosha miguu, akarudi nyumba haina mtu. Kile kibao kinakupa muda mfupi wa kuandika namba, na muda wote huo kinalia pi, pi, pi, na kadiri unavyochelewa ndivyo kinavyoharakisha. Namba ikamtoka kichwani. Akampigia bintiye. Mama Latifa alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, watu mbele, watu nyuma, akagoma kuitaja kwa sauti, hata kwa Kiswahili. Dallas hii huwezi kujua nani Mswahili. Akasema, "Baba, ni mwaka ule tulipoachana na Mwingereza."

Mtu wa kawaida angeandika 1961 akaenda jikoni. Mzee akaona kapewa swali la mtihani. Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru, sawa. Lakini Malkia alibaki mkuu wa nchi, na Turnbull aliyekuwa gavana akageuzwa gavana mkuu, yuko Dar es Salaam palepale. Kuachana hasa ni tarehe 9 Desemba 1962, tulipokuwa Jamhuri, Nyerere akawa Rais. Akabonyeza 1962.

Kibao kikanyamaza. Taa ikageuka kijani. Mzee baadaye alituambia alifurahi sana kuona mashine ya Kimarekani inajua historia yetu kuliko watoto wa siku hizi.

Kumbe mashine zile za zamani zina mtego. Mwizi akikukamata mlangoni akakuwekea silaha ubavuni, "zima kengele," wewe unaandika namba yako lakini tarakimu ya mwisho unaiongeza moja. Kengele inazimika kama kawaida, taa ya kijani, mwizi anatulia. Huku kimyakimya ujumbe umekwenda kwamba mwenye nyumba ametekwa. Kampuni haipigi simu nyumbani kuuliza, maana mwizi anaweza kuwa anasikiliza. Inawaita polisi moja kwa moja. Fundi alitueleza baadaye kwamba viwango vipya vimekataza mpango huo wa kuongeza moja, kwa sababu kila mwenye kidole kizito alikuwa anajiteka mwenyewe. Chetu kilitengenezwa kabla ya hekima hiyo.

Askari walipofika walipita uani kwanza, wakachungulia dirisha la jikoni. Walichokiona ni mzee wa makamo ya babu, kikoi kiunoni, amekalia kigoda cha ajabu, na katikati ya magoti yake linatokeza ulimi wa chuma wenye meno. Ile mbuzi aliileta mwenyewe kwenye sanduku, kaifunga ndani ya kanga tatu. Nazi za kopo anasema ni dawa ya mswaki. Alikuwa anakuna taratibu, huku anazungusha kifuu, chenga za nazi zinaanguka kwenye sinia kama mvua ya rasharasha.

Wakamwomba aweke nazi chini, atoke nje. Akatoka, akawaamkia kwa Kiingereza cha ukaguzi wa shule.

"Mzee, uko salama?"

"Salama kabisa."

Wakatazamana. Hilo ndilo jibu la mtu aliyetekwa.

"Hakuna mtu ndani anayekutisha?"

"Hakuna hata mmoja. Karibuni nyumbani."

Wakazidi kuingiwa na wasiwasi. Kila alivyozidi kuwa mkarimu ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nyuma ya pazia kuna bunduki. Wakaomba kukagua vyumba. Akawakubalia, ila viatu wavue, zulia lile anasalia. Askari mmoja akabaki mlangoni na viatu vyake, mwingine akapanda ghorofani kwa soksi, tochi mkononi.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Mama Latifa alikuwa amenipigia niende nikamwangalie baba yake, asije akawa amehangaika na kile kibao. Nikashuka garini nakimbia, na mwanamume anayekimbilia nyumba yenye mateka hakaribishwi chai. Dakika hiyohiyo nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, jirani anatazama kwa utulivu kutoka kwenye bustani yake. Mzee akatokeza barazani. Adabu ni adabu, nikasema kutoka pale chini, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa huko?"

Askari akamuuliza kama ananifahamu.

Mzee akanitazama vizuri, kama mtu anayesahihisha karatasi. "Namfahamu. Ndiye aliyemchukua binti yangu." Akanyamaza kidogo, kisha kwa ajili ya ukamilifu akaongeza, "Na fedha yote hajalipa."

Niliondolewa ukingoni Mama Latifa alipofika na vitambulisho, picha za harusi kwenye simu, na machozi ambayo mpaka leo anasema yalikuwa ya huruma. Mimi nilimwona anacheka.

Barua ya mji ikaja: kengele ya nne, dola 50, na nafasi ya kukata rufaa. Mimi ningelipa yakaisha. Mzee akakataa katakata. Kwake kengele haikuwa ya uongo. Aliulizwa swali akajibu sahihi, anayestahili faini ni aliyetunga swali. Akaandika maelezo kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, kuanzia chini ya Wajerumani.

Mama aliyesikiliza rufaa aliyasoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akauliza, "Kwa hiyo ule mwaka mmoja katikati, nchi ilikuwa ya nani hasa?"

Uso wa Mzee uling'aa. Miaka yote aliyofundisha, alisema, alikuwa anamsubiri mwanafunzi wa kuuliza hivyo. Alipomaliza kumjibu, mstari wa rufaa nyingine ulikuwa umefika mlangoni. Faini ilifutwa, kwa sharti kwamba tufanye somo la mtandaoni la kuzuia kengele za uongo. Alilifanya yeye. Mtihani akapata yote, akalalamika kwamba swali la maputo lilikuwa jepesi mno.

Ikabaki namba mpya. Fundi kasimama na bisibisi, sisi tunapendekeza, Mzee anapinga. 1905, Maji Maji? Ilianza mwaka huo, lakini iliisha lini? 1964? Muungano ni Aprili, jina la Tanzania likaja Oktoba, unamaanisha ipi? Fundi akaanza kutazama saa.

Mwishowe Mzee mwenyewe akatoa jawabu: tuweke kiasi cha mahari kilichobaki. Ukikata zile sifuri za mwisho zinatimia tarakimu nne kamili, na hiyo, akasema, hawezi kuisahau hata king'ora kikilia sikioni.

Tangu hapo kengele haijalia. Lakini kubadili namba ni kumwita fundi tena, na fundi si wa bure, kwa hiyo mahari nimeiacha kama ilivyo. Mama Latifa nimemweleza kwamba ni kwa sababu za kiusalama.