Stelingi Hapigi Hata Kofi

Mimi ni fundi cherehani wa Kigogo, Dar es Salaam, na starehe yangu kwa wiki ni moja tu: Jumamosi usiku, cherehani ikishafunikwa, naangalia muvi. Sinywi, sichezi bao, mpira nasimuliwa. Sasa naomba mtu aniambie nimemkosea nani mpaka nyumba nzima ya vyumba saba inishikie bango.

Yalianzia kwa kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi. Kwake muvi ni za aina mbili, za kupigana na za mapenzi, na zote zimetafsiriwa, yaani kuna jamaa anaongea juu yake toka mwanzo mpaka mwisho, anakwambia adui anawaza nini hata kama adui mwenyewe kalala. Nikamwambia, mwanangu, leo niwekee zile zinazosifiwa duniani. Akaniangalia kama nimeulizia dawa ya mapenzi.

"Zinazosifiwa na nani, mzee?"

"Na wanaojua."

Akasema anazo, ila hazina wateja, kwa hiyo atanipa nne kwa bei ya tatu. Hapo ndipo nilipojua sifa inauzwaje mjini hapa.

Ya kwanza ilikuwa ya Mtaliano Vittorio De Sica, ile ya wezi wa baiskeli, ya mwaka 1948. Mama Zawadi alipoona haina rangi akauliza kama TV imeungua. Nikamwambia kaa uangalie. Baba mmoja wa Roma kakaa bila kazi siku nyingi, anapata kibarua cha kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yenyewe iko bondi. Mkewe hasemi maneno mengi. Anavua mashuka kitandani, anayafunga, anakwenda kuyaweka bondi ili baiskeli itoke.

Mama Zawadi akaacha kukuna nazi. Nikajua nimekwisha. Maana mwaka jana vitenge vyake vinne vilikwenda bondi kwa ajili ya mota ya cherehani yangu, na mpaka leo viko kwa wenyewe.

"Unaona," akasema, "hata Ulaya."

Basi siku ya kwanza kazini jamaa yuko juu ya ngazi anabandika, baiskeli inakwenda na mwizi. Kuanzia hapo ni yeye na mwanawe wanauzunguka mji kwa miguu, wanakwenda sokoni kukagua fremu na kengele zinazouzwa, kama wewe unavyozunguka maduka ya spea kutafuta saiti mira iliyong'olewa jana kwenye gari la bosi wako. Baba Shufaa wa chumba cha pili, aliyekuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni nusu saa nzima na chumvi kiganjani. "Huyu stelingi atapigana saa ngapi?"

Stelingi hapigi hata kofi. Na huyo aliyecheza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, ndiyo maana ukimtazama anavyotembea unamwamini. Anatembea kama mtu aliyeambiwa njoo kesho siku nne mfululizo.

Zilibaki kama dakika kumi, luku ikaisha. Luku yetu ni moja, vyumba saba, na kila anayeulizwa anasema yeye anawasha taa tu. Pasi inajipiga yenyewe. Nikamalizia muvi siku ya pili, peke yangu, na mwisho wake siusemi, ila Mama Zawadi alinikuta nafuta macho nikasingizia vumbi la kitambaa.

Kuna jambo niligundua, na sina wa kumwambia kwa hiyo nakwambia wewe. Yule Mtaliano anaibiwa wakati anabandika picha ya Rita Hayworth, mwigizaji wa Marekani wa enzi hizo. Sasa nikaweka ya pili, The Shawshank Redemption ya 1994, mfungwa naye ana picha ya Rita Hayworth ukutani, na nyuma ya picha ndiko anakochimba tundu. Mama mmoja huyohuyo! Picha yake moja imemponza mtu, nyingine imemsitiri mtu. Nilipowaeleza haya kijiweni wakaniuliza kama nimekula. Hiyo nayo ilitajwa kuwania Oscar saba ikarudi mikono mitupu, na kwenye majumba ya sinema haikuuza. Imekuja kupendwa baadaye, kwenye kanda na kwenye televisheni. Nimeipenda zaidi kwa hilo, maana hata mimi nasubiri.

Ya tatu, Parasite, ya Mkorea Bong Joon-ho, niliiangalia mvua inanyesha, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Yenyewe ilianza kwa kushinda tuzo kubwa ya Cannes mwaka 2019, kisha mwaka 2020 ikabeba Oscar nne, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa tuzo ya filamu bora. Mama Zawadi alijiandaa kwa utulivu kabisa akidhani ni sizoni ya Kikorea, ataona kijana mzuri ana mwavuli. Akakuta familia inaishi chumba kilichozama nusu ardhini, dirisha liko usawa wa miguu ya wapita njia, wanakunja maboksi ya piza kwa malipo ya kutupwa. Mvua inanyesha kwa matajiri kule juu, maji yote yanashuka kwao kule chini, choo kinarudisha kilichopewa. Na sisi hapo, bonde la Msimbazi liko nyuma yetu, tunasikia maji ya kwetu kwa sikio moja na ya Wakorea kwa sikio la pili. Ikabidi nisimamishe muvi, tupandishe godoro juu ya meza ya kukatia, ndipo tuendelee. Asubuhi yake katika muvi mke wa tajiri anasifia mvua kwamba imeleta anga safi. Mama Zawadi akamtukana tusi ambalo tangu tuoane sijawahi kulisikia.

Halafu harufu. Tajiri analalamika dereva wake ana harufu ya watu wanaopanda treni za chini ya ardhi. Nikajinusa shati. Siku mbili nilipanda daladala nimebana mikono mbavuni.

Lakini iliyoniponza kabisa ni ya nne. 12 Angry Men, mwaka 1957, ya Sidney Lumet, dakika 96, na karibu zote zimo ndani ya chumba kimoja. Watu 12 wasiojuana, raia wa kawaida walioitwa mahakamani, wanatakiwa kuamua kama kijana kamuua baba yake. Wakikubaliana wote kwamba kaua, naye anauawa. Joto kali, feni haizunguki, mmoja ana tiketi ya besiboli mfukoni anataka wamalize akawahi mechi. Wanapiga kura: 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema tuongee kwanza. Ndiyo hiyo muvi. Wanaongea! Na ukizidi kuangalia chumba kinazidi kukubana, kama suruali ya tetroni iliyopelekwa kwa fundi asiyejua kupima. Wenyewe walikuwa wanabadilisha lenzi makusudi ili kuta zisogee. Mpaka inaisha huambiwi kijana aliua au hakuua. Nikalala nikiwa mtu mwingine.

Kesho yake, Jumapili, jogoo la Mama Shufaa likawa halionekani. Kikao kikaitwa uani, mjumbe akaletewa kiti cha plastiki. Mtuhumiwa ni Side, kijana wa chumba cha mwisho anayetembeza kahawa. Ushahidi: manyoya mawili nyuma ya mlango wake, na mzee wa chumba cha mbele aliyesema usiku alisikia jogoo likilia, akatoka palepale, akaona mgongo wa Side. Baba Shufaa alikuwa na jezi ya Yanga, mechi saa kumi, akasema mwenye kuona Side ndiye anyooshe mkono tufunge kikao. Mikono yote juu. Mimi wangu chini.

"Tuongee kwanza," nikasema.

Mama Zawadi akaninong'oneza, "Baba Zawadi, hiyo ni muvi."

Sikumsikia. Maana katika muvi kuna mzee shahidi anayesema alifika mlangoni kwa sekunde 15, wakampima ikatoka 41. Nikamwambia mzee wetu, shikamoo, naomba ulale mkekani tupime. Akalala. Nikawasha saa ya simu. Mzee akaamka, akatafuta kobazi, akapata moja, akafunga msuli, ukafunguka, akaufunga tena, akauliza miwani iko wapi, akakohoa, akapata kobazi la pili. Dakika mbili na sekunde 20. Uani pakawa kimya. Kuhusu manyoya, nikasema, kuku wa Mama Shufaa wanalala popote, juzi mmoja katoka kwenye kabati langu la vitambaa. Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja, wa Baba Shufaa ukashuka wa kwanza kwa sababu ilikuwa saa kumi kasoro kumi. Mjumbe akasema kijana hana hatia. Nikatembea kurudi ndani kama Henry Fonda, yule mwigizaji aliyesema tuongee kwanza kwenye muvi, nimeshika koti ambalo sikuwa nalo.

Saa tatu usiku mlango ukagongwa. Side, na bakuli limefunikwa kwa kawa.

"Baba Zawadi, sikuwa na namna nyingine ya kukushukuru."

Mama Zawadi akafunua. Paja. Gumu, jeusi, la kienyeji, lenye umri wa kupiga kura. Tukatazamana. Harufu ya mchuzi ikaanza kutoka kwenda uani, na taa ya Mama Shufaa ilikuwa inawaka.

"Funga dirisha," nikamwambia.