Plastiki ya Lushoto bado tunaiona, ya huku imeshazama

Mwaka wa tano huu niko Lincolnshire, Uingereza, nafanya kazi shamba la kabichi, na kila nikirusha picha kwenye grupu la familia wadogo zangu wanasema dah, huko kusafi, hata karatasi chini hamna. Kweli, huku huokoti rambo. Lakini huo ni usafi wa macho tu jamani.

Shamba la jirani ni la ngano. Wakishavuna trekta linakuja linamwaga tope jeusi, linanuka balaa, nikawauliza wenzangu wakaniambia ni tope la kwenye mitambo ya majitaka, ni mbolea, na kweli lina naitrojeni na fosforasi. Sasa fikiria kila tunapofua masweta ya polyesta, nayo ni plastiki, kwenye mashine, vinyuzi vinachomoka vidogo huwezi kuviona, vinaenda na maji mpaka mitamboni, mitambo inavikamata vingi mto unapona, ila vikishakamatwa vinabaki kwenye tope, na tope ndio hilo linarudi shambani! Uswisi kuanzia 2006 hawaruhusu tope hilo mashambani, walikuwa wanahofia sumu nyingine zilizomo. Uingereza sehemu kubwa ya tope bado inaishia shambani.

Na wenye kuumia ni wa chini. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, 2016 walionyesha minyoo ya udongo ikila plastiki nyingi inadumaa na mingine inakufa. Nyie wakulima mnajua minyoo ikiondoka udongo unakuwaje, unashikana, maji hayazami.

Sasa nyumbani. Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Tanzania, nilifurahi sana, barabarani kulibadilika. Lakini shambani kwetu Lushoto salfeti za mbolea zipo pale pale, tunafunikia kuni, tunazibia banda, jua linazichoma zinaanza kukatika nyuzi nyuzi na jembe linamalizia kuzichanganya na udongo. Uchafu tunachoma, plastiki inaungua nusu, majivu tunapeleka kwenye migomba tunaona tumefanya la maana. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo utoto wangu wote na linaniuma.

Mimi naona tuna nafasi ambayo hawa wameshaipoteza. Plastiki yetu nyingi bado ni kubwa, unaishika kwa mkono, unaitoa. Ikishakuwa chini ya milimita 5 imechanganyika na udongo wa heka nzima nani ataichuja? Hakuna chekeche hilo, hata huku kwenye hela hawana.

Juzi nimempigia kaka, akaniambia miche 200 ya parachichi aliyopanda mwaka jana, viriba vyake vyote, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, alivifukia kwenye mashimo yale yale. Nimemwomba, kaka, nitatuma hela ya vibarua, vifukuliwe mwezi huu kabla mizizi haijavishika, bado ni vizima vile.