Mfugaji wa nyoka na vichupa vyake: akinunua, nani anakosa?

Mtu anayefuga koboko nyumbani kwake ana njia mbili tu kuhusu dawa ya sumu ya nyoka, na zote mbili zinamgusa mtu mwingine ambaye hajawahi kuuona mlango wa nyumba hiyo. Akinunua vichupa na kuviweka kwenye friji yake, amevitoa kwenye soko ambalo hospitali za vijijini zenyewe hazipati za kutosha. Asiponunua, siku akiumwa atakimbizwa hospitali hiyo hiyo na kutundikiwa dawa iliyowekwa kwa ajili ya mama aliyekwenda kuokota kuni. Wanaotetea wafugaji huitaja njia ya pili tu, wanaowapinga huitaja ya kwanza tu. Nadhani ndiyo maana mjadala huu haufiki popote.

Nianze na wanaofuga. Kenya huwezi kufuga nyoka kihalali bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, na Tanzania nako lazima upitie kwa mamlaka za wanyamapori, kwa hiyo wafugaji binafsi wa Afrika Mashariki ni wachache. Wengi wako Marekani na Ulaya. Lakini nyoka ni wetu. Koboko wa kijani, yule anayejificha kwenye miembe na mikorosho ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, utamkuta kwenye sanduku la kioo huko North Carolina. Machi 2021 mfugaji mmoja wa jimbo hilo aliumwa na koboko wake wa kijani, na dawa iliyomwokoa ilitoka bustani ya wanyama ya Riverbanks, katika jimbo jirani la South Carolina. Miezi michache baadaye fira wake, aliyekuwa ametoroka, akaonekana akizurura mtaani mjini Raleigh, na watu wakaambiwa wakimwona wasimkaribie. Sheria ya North Carolina inamtaka kila mfugaji wa nyoka wa sumu awe na maelezo ya maandishi yanayosema dawa inayofaa iko wapi. Haimtaki awe nayo. Pengo la mjadala mzima limo hapo.

Hoja ya kumtaka mfugaji awe na dawa yake ina nguvu, na sipendi inavyopuuzwa. Nyoka wa kigeni huleta tatizo ambalo hospitali ya jirani haikujiandaa kulikabili, na haina sababu ya kujiandaa. Hakuna mfamasia wa mji mdogo wa Marekani anayeagiza dawa ya koboko kwa kubahatisha kwamba huenda mtu mmoja akamleta nyoka huyo mtaani. Aliyeileta hatari kwa hiari yake na abebe gharama. Muda nao hausubiri: sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu, kope zinalegea, mate yanashindwa kumezwa, kisha pumzi. Kusubiri dawa isafirishwe kutoka jimbo jingine ni kucheza kamari huku umeunganishwa na mashine ya kupumulia, na hapo ni kama hospitali unayo na mashine inayo.

Upande wa pili una mambo ambayo mfugaji huwa hapendi kuyasikia.

La kwanza ni hesabu. Watu huongea juu ya "kuwa na dawa" kana kwamba ni kichupa kimoja. Dawa ya mchanganyiko inayotengenezwa Johannesburg na South African Vaccine Producers, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa tegemeo la sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini, huja katika vichupa vya mililita 10. Aliyeumwa vibaya na koboko anaweza kuhitaji vichupa 10, wakati mwingine vikakaribia 20. Kichupa kimoja kinauzwa maelfu ya shilingi za Kenya. Kwa hiyo mfugaji aliyeweka viwili nyuma ya maziwa hana dawa. Ana kitu cha kumtuliza moyo, na vichupa viwili ambavyo vingemsaidia mtoto wa Kilifi aliyekanyaga kifutu wakati wengine wanatafuta zaidi.

La pili ni kwamba dawa bila daktari ni bure, na inaweza kuua. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu, kisha kinga iliyo kwenye damu yake inachujwa. Mwili wa binadamu unaweza kuikataa protini hiyo ya farasi dakika chache tu baada ya dripu kuanza: vipele, shinikizo la damu kushuka, koo kuziba. Ndiyo maana huingizwa kwenye mshipa palipo na adrenalini iliyokwisha kuvutwa kwenye sindano na mtu anayejua lini aitumie. Mfugaji aliye peke yake sebuleni, mkono umevimba na macho yanaona viwili viwili, hawezi kujitundikia dripu. Akibeba vichupa vyake hadi hospitali, daktari ana haki ya kuuliza vimehifadhiwaje. Dawa hiyo ya Johannesburg ni ya maji na hukaa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikashinda ikifunguliwa na watoto, nani ataapa kwamba bado ni nzima? Daktari anayekataa kumtia mgonjwa dawa ya aina hiyo simlaumu.

La tatu ni lebo, na hapa wafugaji makini huwa mbele ya hospitali nyingi, niwape haki yao. Dawa ya sumu ya nyoka hufanya kazi kwa nyoka waliotumika kuitengeneza na ndugu zao wa karibu. Ile ya Johannesburg hushughulikia koboko, kifutu na mafira kadhaa. Haigusi sumu ya nyoka wa mitini, Dispholidus typus, ambaye ana dawa yake peke yake na hutengenezwa kwa kiasi kidogo. Nyoka huyo ndiye aliyemuua mtaalamu wa reptilia Karl Schmidt mjini Chicago mwaka 1957, baada ya kuletewa ili amtambue. Mfugaji anayempenda mnyama wake anayajua haya kwa moyo. Mnunuzi wa serikali anayetafuta bei ya chini huenda asiyajue, na matokeo yake yameshaonekana. Katika hospitali moja ya Ghana, dawa iliyozoeleka ilipobadilishwa na nyingine iliyotengenezwa India, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Kwenye boksi zote mbili palikuwa pameandikwa dawa ya sumu ya nyoka.

Sasa tuangalie soko lenyewe, maana uzito wa kichupa kimoja kwenye friji ya mtu binafsi unategemea vingapi vipo kwa jumla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wakati huo dawa iliyosifiwa sana Afrika, FAV-Afrique ya Sanofi Pasteur, ilikuwa imeshatoweka. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu haikuona faida, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda katikati ya 2016. Mwaka 2023 hata madaktari wa Afrika Kusini, ambao kiwanda kiko kwao, walikuwa wanalalamikia uhaba. Farasi hawaongezewi kasi kwa sababu oda zimeongezeka.

Katika hali hiyo, mfugaji wa Ulaya anayeweza kulipa bei yoyote anashindana moja kwa moja na hospitali ya misheni. Ila nisitie chumvi. Wafugaji hao wote wakiacha kununua kesho, rafu za Tana River hazitajaa. Kinachozikausha ni wizara kutotenga fedha, dawa kulundikana mjini, na vituo vya afya visivyo na friji wala mtu aliyefundishwa kuitumia. Anayemtwika mfugaji mzigo wote huo amempata wa kumlaumu kwa bei nafuu. Hata hivyo, udogo wa sehemu yake haumwondolei wajibu. Vichupa vinavyoisha muda ndani ya friji ya mtu, miaka mitatu mitatu, bila kumgusa mgonjwa hata mmoja, ni hasara ambayo kila mtu angeweza kuiepuka.

Kuna waliojaribu njia ya kati. Kaunti ya Miami-Dade huko Florida ina kikosi ndani ya idara ya zimamoto kinachotunza akiba ya dawa za nyoka wa ndani na wa kigeni, na hospitali zikiita, kinapeleka. Bustani za wanyama za Marekani nazo zina orodha ya pamoja ambayo vituo vya ushauri wa sumu huitazama kujua dawa gani iko kwenye friji gani, na nyingi ya dawa hizo za kigeni huingizwa kwa vibali maalumu kwa sababu hazijasajiliwa nchini humo. Uswisi ina mtandao wa maghala katika hospitali. Ujerumani wafugaji wamejiunga kwenye chama, wanalipa ada, na akiba inawekwa pamoja. Mfumo wa Ujerumani naukubali zaidi kimsingi, kwa kuwa pesa inatoka kwa mwenye hatari, ingawa haukuwatosha wanasiasa wote: baada ya fira mmoja kutoroka na kuhamisha wakazi wa jengo mjini Herne mwaka 2019, jimbo la North Rhine-Westphalia lilipiga marufuku watu wapya kufuga wanyama wenye sumu kali.

Kwetu kuna mifano ambayo ni bora kuliko hiyo, na haitajwi vya kutosha. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980. Mfuko wenye jina la James Ashe umekuwa ukisaidia kupeleka dawa kwa walioumwa ambao hawana cha kulipa. Meserani, nje kidogo ya Arusha, kiingilio cha watalii wanaokuja kutazama nyoka hugharimia zahanati inayowatibu bure Wamasai wa jirani walioumwa. Ona mwelekeo wa dawa katika sehemu zote mbili: inanunuliwa kwa sababu kuna nyoka wa kufugwa, halafu inaishia kwa watu walioumwa na nyoka wa porini. Mfanyakazi akiumwa akiba ipo. Asipoumwa haiozi, kwa kuwa wagonjwa hawakosekani. Tena mashamba kama haya yana kazi ambayo mpenda nyoka wa sebuleni hana: sumu ya kutengenezea dawa lazima ikamuliwe kwa nyoka wanaofugwa na mtu anayejua kuwashika.

Kutokana na hapo, msimamo wangu ni huu. Mfugaji binafsi asiruhusiwe kuweka dawa nyumbani, na asiruhusiwe kufuga bila dawa. Alipie dozi kamili, si vichupa viwili vya kujifariji, na ikae kwenye famasia ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi karibu naye. Hospitali iwe huru kuitumia kwa mgonjwa yeyote wa nyoka anayefika, wakati wowote. Inapotumika, mfugaji anajulishwa siku hiyo hiyo na anaagiza nyingine. Mpaka ifike, nyoka haguswi: anabadilishiwa maji kwa kibano kirefu, sanduku linafungwa kwa kufuli.

Wafugaji watauliza: je, ikiwa nimelipa laki kadhaa, siku ninayoumwa nikakuta rafu tupu? Ni swali la haki. Inawezekana kabisa, hasa msimu wa mvua ambapo nyoka wanahama mashimo yaliyojaa maji. Lakini mkulima wa Malindi anaishi na uwezekano huo kila siku na hakumwalika nyoka. Aliyemwalika hawezi kudai uhakika mkubwa kuliko huo, na akiuona ni mdogo mno, dawa yake ipo: asifuge.

Pingamizi gumu zaidi linatoka upande mwingine. Masharti yakiwa makali, watu watafuga kwa siri, na anayefuga kwa siri akiumwa huchelewa kwenda hospitali au hudanganya kuhusu aina ya nyoka, jambo linalomharibia daktari kazi yote. Hili silipuuzi. Ndiyo maana ningependekeza aliyeumwa na kujitokeza asishtakiwe kwa kauli aliyoitoa kitandani. Nyoka atachukuliwa, kibali hatapata, ila jina la nyoka litajwe kweli.

Wanabaki nyoka ambao mpango wote huu hauwahusu. Milima ya Usambara ina nyoka mwingine mdogo anayeishi mitini, mwenye vipembe juu ya macho, Atheris ceratophora, asiyepatikana popote nje ya milima ya Tanzania, na wapenda nyoka wa Ulaya na Marekani wanamtamani sana. Kenya ina wake wawili, Atheris desaixi na Bitis worthingtoni, ambao biashara yao iliwekewa masharti na mkataba wa CITES mwaka 2016. Hakuna kiwanda kinachotengeneza dawa mahususi kwa sumu ya yeyote kati ya hao. Kwa mtu binafsi anayeomba kibali cha kumfuga mmoja wao, mfamasia hana cha kuweka rafuni na hospitali haina cha kukubaliana naye. Mimi nisingemtilia sahihi.